Ombi la Kumrudisha Mwanao Kila Ijumaa, Pamoja na Gari

Kwako Mama Mkwe,

Shikamoo. Huku sote hatujambo, isipokuwa mwanao, ambaye hali yake siijui kwa sababu tangu asubuhi yuko chini ya gari.

Mama, unanifahamu. Nimekaa masjala ya ofisi yetu miaka kumi na moja nikifungua barua za watu, na nimejifunza kwamba lalamiko lisilo na namba hakuna anayelijibu. Kwa hiyo nimeweka namba. Usidhani nimeandika kwa hasira. Barua ya hasira niliiandika wiki iliyopita, nikaichana.

Jambo lenyewe ni gari la marehemu Baba, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, ulilompa mwanao baada ya msiba ukisema atalitengeneza kidogo kidogo siku za mapumziko. Miezi kumi na minne imepita. Mimi namtaka mume wangu Jumamosi na Jumapili, kama wenzangu wanavyokaa na waume zao. Hilo ndilo lalamiko. Yanayofuata ni ushahidi.

1. Vyombo. Sufuria yangu kubwa ilikwenda kukingia oili, haijarudi. Mswaki wangu ulikwenda kusugulia plagi za injini. Huo ulirudi, nami nikautumia kabla ya kuambiwa.

2. Bomba la hewa. Mwanao alisoma mahali kwamba gari la namna hii linaweza kuvuka mto maji yakifika kwenye kioo, mradi injini ivute hewa kutoka juu ya paa. Wakati huo gari lilikuwa limekaa juu ya matofali, halina hata tairi. Akaingia ndani, akakaa kwenye usukani, akakariri kwamba bomba linapita kushoto. Akatoka, akasimama mbele ya gari wakitazamana, akatoboa bodi kushoto kwake. Kushoto kwake, Mama, ni kulia kwa gari. Bomba hilo limefungwa hapo hapo ili kuficha tundu, na halielekei popote. La pili limefungwa upande unaotakiwa. Sasa gari lina pembe mbili, na mto ulio karibu nasi ni mwendo wa siku nzima.

3. Winchi. Ni ile mashine ya waya inayofungwa mbele, ya kulivuta gari litoke kwenye tope. Tope hatuna. Ikabidi ijaribiwe kwenye nguzo ya kibaraza, ili gari lijivute lenyewe kuelekea nyumba. Mwanao akasahau kutoa breki ya mkono. Nyumba ndiyo iliyokwenda. Fundi anayemsaidia, ambaye mtaa mzima unamwita Bado Kidogo, alilitazama paa la kibaraza lililoinama akasema mbona halijaharibika sana. Mvua ikinyesha tunakula chumbani.

4. Mtoto. Shuleni waliambiwa wachore familia zao. Binti yetu alinichora mimi, akajichora mwenyewe, kisha akachora gari lenye viatu viwili vinavyotokeza chini. Mwalimu aliniita pembeni, akanishika mkono, akanipa pole na kuniuliza ajali ilitokea lini. Nilishindwa pa kuanzia, nikaipokea ile pole. Jumamosi iliyopita wazazi wenzangu walikuja kunihani, wamebeba unga na sukari. Mwanao akawaitikia salamu kutoka chini ya gari, na mama mmoja akakimbia mpaka barabarani. Sukari tumeirudisha.

5. Hadhi yangu. Kila wikiendi nakaa juu ya tairi la akiba nikingoja mkono utokeze, nikabidhi spana. Nimekuwa msaidizi wa fundi bila barua ya ajira. Namba kumi na nne naijua kwa kuigusa. Juzi nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, “Tulia mpenzi, tunamaliza sasa hivi.” Nikaitika. Kumbe hakuwa akisema nami.

Kutokana na hayo, naomba umpokee mwanao kila Ijumaa jioni, yeye na gari lake. Nitamfuata mwenyewe Jumatatu asubuhi, akiwa ameoga. Hilo likishindikana, basi ukoo ukae unitambue rasmi kuwa mke mdogo, kwa kuwa gari lilimjua kabla yangu, na zamu zipangwe kwa haki. Sidai ukubwa, Mama. Nadai zamu.

Nisalimie wifi, na umwambie kwamba vile vitambaa vya viti vya gari alivyomtumia kaka yake nimeviona, na nitamkumbuka. Wasalimie majirani wote, na yeyote mwingine atakayeniulizia kwa moyo mwema.

Ni mimi, mwenye adabu zote na grisi kiasi,
Mkaza mwanao

Nyongeza. Mama, bahasha nilikuwa sijaifunga. Jana alasiri gari liliwaka. Mwanao akatoka chini, akafuta mikono, akaniambia, “Limepona. Kuna mtu nimeongea naye, kesho anakuja kulichukua moja kwa moja.” Nilipaswa kupiga vigelegele. Nikaenda jikoni, nikakaa, nikalia. Huyu mtu mezani ni wa kuomba chumvi tu. Ni chini ya gari, uso hauonekani, ndiko alikoniambia kwamba siku ya mazishi ya Baba machozi yalimkatalia, na kwamba sasa analilia humo, na nisiende mbali kwa sababu sauti yangu inamtuliza. Tuna miaka tisa ya ndoa, na maneno hayo sijawahi kuambiwa nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Kwa hiyo leo asubuhi, kabla mnunuzi hajafika, nimefungua boneti nikachomoa kile kidude kinachozunguka kugawa moto kwenye plagi. Nimekifunga kwenye leso, kimo kwenye kopo la unga. Mnunuzi amepiga stata mpaka betri imechoka, akaaga. Mwanao amerudi chini na ananiita, hivyo naandika kwa haraka.

Malalamiko yote matano yafute. Na akikupigia simu kuuliza ni kitu gani Baba alikuwa akikitilia shaka kwenye gari lile, tafadhali mwambie ni gia boksi. Bado Kidogo anasema kuifungua na kuifunga ni miezi mitatu.