Gobole Ndani ya Mchele wa Mama Mkwe

Leo sina pa kuuweka uso wangu.

Naandika haya nikiwa nyuma ya nyumba, nimekalia ndoo iliyogeuzwa. Sebuleni siwezi kuingia. Sebuleni yupo mama mkwe, na mama mkwe saa hizi alitakiwa awe ameshafika Dar es Salaam. Hajafika kwa sababu yangu. Nimeona niwaeleze mwenyewe hapa kwenye grupu kabla hamjaelezwa na dereva bajaji aliyetubeba leo, maana yule atatia chumvi, na kisa hiki chumvi kinayo tayari.

Mama mkwe alikuja Mpanda kumuuguza mke wangu. Binti yetu Neema alizaliwa kwa upasuaji, mama akafunga safari kutoka Dar kuja kupika uji, kuogesha mtoto na kufua nepi. Amekaa wiki sita. Sasa sisi ni Wasukuma, babu alihamia huku na ng'ombe wake, na nimelelewa kwamba mama mkwe hatazamwi machoni. Kwa hiyo wiki sita zote nimekuwa nikisalimia sakafu. ("Shikamoo mama," naiambia miguu yake. "Marahaba baba Neema," miguu inaitikia.) Yule mama nampenda kweli. Nilitaka aondoke akisema moyoni kwamba binti yake ameolewa na mtu.

Baba yangu analima mpunga Mwamkulu. Juzi akanipigia simu, ameandaa kiroba cha mchele, zawadi ya mkwe wake, na amekishona mwenyewe. Kwetu mzigo wa ukweni ukishashonwa na mzee haufunguliwi njiani. Ukiufungua ni kama unamshuku kwamba amepunja, au amechanganya mchele wa zamani. Unaupokea kwa mikono miwili, unaufikisha, basi.

Leo saa moja asubuhi nikawa Mwamkulu na pikipiki. Mzee alikuwa ameshaenda shambani. Nikampigia.

"Kiko stoo," akasema. "Nimeshakishona. Kichukue uwahi."

Nikaingia stoo. Viroba vilivyoshonwa vilikuwa viwili.

Mtu mwenye akili angepiga simu tena. Mimi nilivinyanyua kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa cha kawaida, kingine kizito zaidi. Nikajiambia kwamba mzee lazima amemkusudia mkwe wake kile kizito. (Uongo. Nilijiambia kwamba kizito ndicho kitakachonipa sifa. Wacha niseme ukweli, aibu yenyewe nimeshaipata.) Wakati nakifunga kwenye pikipiki kitu kigumu kikanigonga goti. Nikafurahi zaidi. Nikajua mzee ameongeza na migebuka mikavu, wale samaki wa ziwani.

Saa nne tukapanda bajaji, mimi, mama mkwe, begi lake na kiroba katikati yetu. Njiani nikaona nimpe mama ushauri. Na hapa ndipo nilipoanza kumchimbia shimo.

"Mama," niliuambia mgongo wa dereva, "pale uwanja wa ndege watakuuliza kama mzigo umepakia mwenyewe. We sema ndiyo. Ukisema umepewa watakusumbua."

"Lakini baba Neema, si nimepewa?"

"Mama, ni mchele tu."

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye mwenyeji."

Kuna jambo jingine lazima mlijue kabla hatujafika uwanjani. Wengine mnanijua, kwa wasionijua, mimi ni mtendaji wa kijiji. Na mwezi uliopita nilizunguka kijiji kizima na pikipiki na kipaza sauti nikitangaza kwamba yeyote mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe, na mwenye kibali aje nacho kionekane. Siku tatu. Sauti ikanikauka. Kwenye mkutano nilisimama pamoja na afande mmoja kutoka mjini, nikasema, tena kwa ukali, kwamba mtu anayelala na gobole chini ya mchele na mahindi anaiaibisha familia yake. Sikumbuki kwa nini nilitaja mchele. Ulinijia tu.

Tukafika. Uwanja wetu mnaujua, hauna makorokoro mengi. Kuna mlango, kuna mashine ya kukagua mizigo, na leo kulikuwa na dada aliyekaa mbele ya skrini. Kwa kuwa kiroba kilikuwa kizito na mama ni mtu mzima, wakaniruhusu niingie kumsaidia. Nikakipandisha kwenye mkanda kwa mbwembwe, ili mama aone kwamba mkwe wake ana mgongo. Kisha nikasogea pembeni. Mahali niliposimama, skrini niliiona vizuri.

Begi la mama likapita. Kikaingia kiroba.

Mkanda ukasimama. Dada akaurudisha nyuma, akautembeza tena, akausimamisha.

Katikati ya mchele kulikuwa na mstari mweusi uliolala mshazari. Mtutu. Chini yake kifyatulio. Chini zaidi kitako kilichozungushiwa waya. Na mimi nililijua. Hilo ni gobole la baba. Mtutu wake mfupi kwa sababu ulipasuka mdomo nikiwa darasa la tano, mzee akaukata na msumeno. Waya wa kitako niliushika mimi wakati anaukaza. Tulikuwa tunalipiga hewani kufukuza viboko na nguruwe pori mpunga ukianza kuiva. Miaka mingi nilidhani alishalirudisha serikalini.

Dada akainua kichwa. "Kiroba hiki ni cha nani?"

Sikusema kitu.

Nyie, nataka mnielewe. Sikushikwa na bumbuwazi. Nililiona, nililijua, na nilijua nani amelileta. Nikafikiria kazi yangu. Nikafikiria kile kipaza sauti. Nikatazama saa ya ukutani kama mtu aliyekuja kuitengeneza.

"Ni changu, mwanangu," mama mkwe akasema. Alikuwa anatabasamu. "Mchele huo, zawadi."

"Umepakia mwenyewe?"

Akanitazama kidogo. Mimi bado niko na saa.

"Ndiyo," akasema. "Nimepakia mwenyewe."

Dada akanyanyuka kuita mtu. Akaja askari, bunduki begani, akatazama skrini, kisha akamtazama yule mama wa miaka sitini na tatu aliyevaa kitenge cha Mama Maria na rozari mkononi. Akasema kwa upole wa kutisha, "Mama, naomba usogee huku. Mikono tuione."

Mama akainua mikono. Juu kabisa, kama anavyoinua kanisani. Watu waliokuwa kwenye viti wakaanza kusogea, wengine kwa woga, wengine kwa simu zao.

Kiroba kikashushwa sakafuni. Askari akakata uzi kwa kisu, ule uzi ambao mimi kwa heshima zangu zote sikuugusa. Mchele ukamwagika, mweupe, wa mwaka huu, mzuri sana. Kisha kikatoka kitako.

"Yesu na Maria," mama akasema taratibu. Hakupiga kelele. Aligeuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne ya kuwa mkwe wake nikakutana na macho yake. Macho ya kahawia, kama ya mke wangu. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanasubiri.

"Mama, silaha hii umeitoa wapi?"

"Nimepewa mchele, baba. Silaha siijui."

"Si umesema umepakia mwenyewe? Nani amekupa?"

Mama akanyamaza. Jamani, yule mama alinyamaza. Alikuwa na jina langu mdomoni na hakulitoa. Askari akamwambia avue viatu, akaanza kuinama, na miguu yake siku hizi inavimba, viatu havivuki kirahisi. Akashika meza kwa mkono mmoja huku anahangaika na kamba. Hapo ndipo nilipoona miguu ile niliyoisalimia wiki sita, nikasogea mbele ya meza.

"Ni mimi," nikasema.

Sauti haikutoka. Nikarudia. "Afande, ni mimi niliyeleta. Huyu mama hajui lolote. Mwacheni avae viatu."

Kama mnataka kujua ni muda gani ulipita tangu dada aulize mpaka mimi kujibu, unatosha kusali Baba Yetu nzima, na Amina yake.

Askari akageuka. Akanikodolea macho. Na mimi nikamtambua. Ni yule yule wa mkutano.

"Mtendaji?"

"Ndiyo, afande."

"Mtendaji wa kipaza sauti?"

"Ndiyo, afande."

"Uliyesema chini ya mchele?"

Nikatamani ardhi ipasuke, nimalizane na dunia. Nyuma yangu mtu akasema, "Si ndiye yule alituamsha siku tatu?" Mwingine akajibu ndiye. Mwingine akaniambia nigeuke kidogo, picha haitoki vizuri. (Niligeuka. Sijui kwa nini niligeuka.)

Nikaamriwa nimpigie baba, simu ikiwa na sauti ya nje. Mzee akapokea akiwa bado shambani.

"Baba, umeficha nini kwenye kiroba?"

"Kipi?"

"Kizito."

"We mtoto, umebeba kile?"

Alifika baada ya nusu saa, nyuma ya bodaboda, na gambuti zake za tope, mkononi mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko kulikuwa na kibali. Cha halali, kimelipiwa, hakijaisha. Gobole la baba yangu lina leseni kuliko pikipiki yangu. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema, "Hukuwahi kuuliza, ulikuwa unatangaza tu."

"Sasa mzee," askari akauliza, "kwenye mchele lilienda kufanya nini?"

Baba akashangaa swali. "Lilinyeshewa, afande. Lilianza kushika kutu. Huyu," akaninyooshea kidole, "simu yake ilipodumbukia kwenye maji aliniambia kwamba mchele unanyonya unyevu. Akaizika humo siku mbili, ikapona. Nami nikazika langu. Nikalishona wajukuu wasilifikie."

Uwanja wote ukacheka. Dada wa mashine aliinamia skrini mabega yakimtikisika. Hata askari alimumunya midomo, lakini hakucheka, na alikuwa na haki. Alitueleza kwa ukali kwamba ndani ya ndege yale si mambo ya mzaha. Gobole likachukuliwa. Kesho asubuhi mimi na mzee tunatakiwa kituoni kwa maelezo zaidi. Na mama mkwe, kwa kuwa alisema mzigo ni wake, ilibidi abaki aandike maelezo yake, ukurasa mmoja na nusu. Alipokuwa anatia sahihi tukasikia ndege inaondoka.

Baba akamsogelea, akavua kofia, akapiga goti palepale juu ya mchele. "Mayu, mama, nisamehe. Kiroba chako kizuri kipo nyumbani."

"Nimeshasamehe, mkwe," mama akasema. "Inuka, unaharibu chakula."

Tukarudi kwa bajaji ile ile. (Dereva alikuwa ametusubiri. Alikuwa amesikia kila kitu.) Ndege nyingine ni keshokutwa. Tulipopita sokoni mama akasema, bila kunigeukia:

"Baba Neema. Uliliona kwenye ile tivii?"

Ningeweza kudanganya. Niliuangalia mgongo wa dereva, nikaona umetulia kabisa kusikiliza.

"Nililiona, mama."

"Nilijua."



Jioni hii amekuwa akimsimulia mke wangu. Anaigiza vizuri. Ameigiza mchele ukimwagika, ameigiza gambuti za baba, ameigiza askari anavyomumunya midomo. Mke wangu amecheka huku ameshika mshono kwa mikono yote miwili, "Mama basi, utanipasua." Nilikuwa mlangoni na jagi la maji, kichwa chini. Alipofika pale dada alipouliza kiroba ni cha nani, mama akapumua, akasema, "Baba Neema akajibu hapo hapo, ni mimi. Hakusita." Mke wangu akanitazama kwa fahari. Nikaweka jagi mezani, nikaja huku kwenye ndoo.

Hakuna hapo hapo. Mama anajua, mimi najua, dereva bajaji anajua, na sasa nyie mnajua. Mke wangu naye yumo humu kwenye grupu, ataisoma akimaliza kunyonyesha.

Kwa hiyo gobole lichekeni mpaka mchoke, hata mzee wangu analicheka. Ile Baba Yetu moja niliyokaa kimya, naomba msiicheke.