Siri za Pembea Kubwa

Karatasi ile ilibandikwa kwenye nguzo ya stendi ya Kyela siku ya Jumatatu asubuhi, na ilipofika saa nne Ipyana alikuwa ameshaisoma mara tatu, akaibandua, akaikunja na kuitia mfukoni, ili wengine wasipate taabu ya kusoma. Ilisema kwamba Jumamosi ya kwanza baada ya Sabasaba, kampuni moja kutoka ng'ambo ya mto Songwe ingefungua uwanja wa pembea ufukweni Matema kwa siku kumi. Kungekuwa na gurudumu kubwa la kuwapandisha watu juu, farasi wa mbao wanaozunguka, treni ya watoto na nyumba ya vioo. Familia zote zilikaribishwa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, wakati kila kitu kilikuwa kinaingia: mitumba, soda za kopo, redio za kaseti mbili. Mpunga ulikuwa umekubali mwaka huo na wanunuzi wa kakao walikuwa wanagombania mlango wa mkulima. Watu walikuwa na chakula, walikuwa na nguo, na sasa walikuwa wanatafuta kitu cha kumringia jirani.

Ipyana alikuwa mtu wa miaka thelathini na minne, mwenye koti la kijivu na kalamu tatu mfukoni, mbili zikiwa hazina wino. Karani wa sensa alipomuuliza kazi yake alijibu "biashara". Biashara gani, karani hakuuliza, na tusimlaumu Ipyana kwa uvivu wa karani. Pembea kubwa kuliko ya kamba alikuwa hajaiona. Lakini akili yake ilikuwa nyepesi. Pembea zina mwenyewe, akawaza, ila kujua namna ya kuzipanda, hilo bado halina mwenyewe.

Kwanza ilibidi ajue kidogo. Nyuma ya soko kulikuwa na mama lishe aitwaye Sekela, mwanamke mtulivu wa makamo, ambaye shangazi yake aliolewa Karonga, ng'ambo ya mto huohuo. Misimu miwili Sekela alikuwa amepika chakula kwenye viwanja vya pembea huko kwa shangazi. Ipyana akaagiza sahani ya wali, akamsifia mchuzi, kisha akamuuliza habari za huko polepole, kama mtu anayepoteza muda tu. Sekela akamweleza yote huku akiosha masufuria. Mtu awahi kabla jenereta haijapata moto. Aanzie michezo ya mwisho kabisa, kwa sababu kila anayeingia husimama kwenye mchezo wa kwanza. Watoto wavae nguo za rangi moja ili waonekane kwa mbali, na waonyeshwe mapema mahali pa kukutania wakipotea. Wasishibishwe kabla ya kupanda gurudumu. Baba na mama wapokezane mtoto mchanga ili kila mmoja apate zamu yake. Na saa ya chakula, watu wote wanapokimbilia sahani, ndiyo saa ya kupanda bila foleni.

Ipyana alimaliza wali wake akiwa msomi. Alimwonea huruma kidogo yule mama, mtu anayemwaga elimu yake bure namna ile.

Hata hivyo maneno matupu ya busara hayamfanyi mtu atoe mchele wake. Kwa hiyo Ipyana akaongeza siri moja ya kwake mwenyewe, nayo ndiyo iliyokuwa nyama ya biashara: kwamba uwanja una mlango wa nyuma, wa watu maalumu, na anayefika hapo na kitambaa cheupe kwenye mkono wa kushoto hapangi foleni. Bei ya elimu hii yote ilikuwa debe moja la mchele kwa familia.

Alikwenda kijijini Ngonga. Huko alimwendea kwanza Samsoni, mnunuzi wa kakao, mtu mnene mwenye watoto saba na mama mzazi anayekaa naye. Walisalimiana sana, mugonile kwa mugonile, na Ipyana akakataa kiti mara mbili kabla ya kukubali. Akaeleza kwamba yeye ameishi na watu wa pembea, amekula nao, na kwamba si desturi yake kutoa siri za ndani, ila heshima ya nyumba hii imemshinda. Samsoni alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Lazaro umemwambia?"

Lazaro alikuwa jirani yake, mkulima wa mpunga. Mwaka uliopita Lazaro alikuwa ameezeka bati kabla ya Samsoni, na jeraha lilikuwa bado bichi.

"Mzee," alisema Ipyana, akishika kifua, "nimekuja kwako peke yako."

Samsoni akamwita mkewe alete debe, na akasema lijae vizuri.

Nusu saa baadaye Lazaro naye alikuwa anauliza kama Samsoni ameambiwa. Basi mambo yakaenda hivyo nyumba kwa nyumba. Hadi Jumatano familia kumi na moja zilikuwa na siri, kila moja ikiamini iko peke yake, na hakuna hata moja iliyofungua mdomo. Ipyana alishangaa jinsi uchoyo unavyotunza siri vizuri kuliko kiapo.

Mpango uliobaki ulikuwa mwepesi. Jumamosi asubuhi, wakati familia zake zikitafuta mlango usiokuwepo, meli ingeng'oa nanga bandari ya Itungi, naye akiwa ndani, na kushuka kusini mpaka Mbamba Bay. Huko mwambao watu wana samaki na mihogo, na mchele wa Kyela wanaupokea kama mgeni wa heshima. Nauli angelipa kwa mchele huohuo. Alihitaji tu mahali pa kuuweka kwa siku mbili, na hapo akamkumbuka Sekela, aliyekuwa na stoo kavu yenye mlango wa bati.

Sekela alikubali. Aliutazama mchele, akautia mkononi, akaunusa, akasema ni mzuri. Akauliza umetoka wapi. Ipyana angeweza kudanganya, na kwa kawaida angedanganya, ila mtu mjanja naye ana upweke wake. Hana wa kumsifu. Siku tatu alikuwa amefanya kazi nzuri bila mtu hata mmoja kuijua. Akakaa kwenye gunia, akamsimulia yule mama yote: Samsoni, Lazaro, kitambaa cheupe, mlango wa nyuma, meli. Sekela alicheka taratibu, akasema ndaga fijo, asante sana, kwa hadithi nzuri, akafunga stoo na kutia ufunguo kwenye pindo la kanga.

Ijumaa jioni Ipyana alikuja na mkokoteni wa kukodi na kukuta stoo ipo wazi, imefagiliwa. Jirani anayeuza ndizi alimwambia kwamba Sekela ameondoka jana na lori, na masufuria yake yote, kwenda Matema, maana kapewa kazi ya kupika chakula uwanja wa pembea. Ameacha ujumbe kwamba mchele umetangulia.

Mkokoteni ukarudi mtupu. Ipyana alikaa kwenye kizingiti cha stoo ile muda mrefu. Kilichomuuma zaidi ya mchele ni kukumbuka alivyocheka yule mama, na jinsi yeye alivyoongeza chumvi kwenye hadithi ili acheke tena. Meli ilikuwa inaondoka kesho, na mfukoni hakuwa na nauli ya kufika hata bandarini. Kulipopambazuka akaazima baiskeli na kushika njia ya Ipinda kwenda Matema.

Alifika jua limepanda, koti begani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Gurudumu lilikuwa linaonekana tangu mbali, limesimama kati ya milima na ziwa kama tairi la gari la jitu. Mbele ya mlango mkubwa foleni ilikuwa imekunja kona mbili. Ipyana hakutaka kuonwa na mtu. Shida yake ilikuwa mchele, na jiko lazima liwe nyuma, kwa hiyo akazunguka uzio wa mabati kwa nyuma akinyata, akapinda kona.

Na hapo walikuwapo. Familia kumi na moja, watoto wa nyumba hii wamevaa bluu, wa nyumba ile njano, maji kwenye madumu, kanga za kivuli, na kila mtu mzima na kitambaa cheupe mkono wa kushoto. Samsoni alikuwa anakitazama kitambaa cha Lazaro, na Lazaro alikuwa anakitazama cha Samsoni. Kisha wote wakamtazama Ipyana.

Ipyana alipima umbali wa kurudi kwenye baiskeli. Ulikuwa mrefu, na Samsoni alikuwa ameshamshika koti.

"Uliniambia mimi peke yangu."

"Peke yako, mzee," alisema Ipyana, "kwa upande wa kakao. Lazaro ni upande wa mpunga."

Lazaro alianza kukunja mikono ya shati. Wakati huohuo bati moja la uzio likasogea, akatokea mlinzi mwenye kofia, akahesabu vitambaa kwa kidole.

"Ninyi ndio wageni wa Mama Sekela?" akauliza. "Mbona mmechelewa? Viingilio mtalipia hapahapa, kisha mpite."

Mambo yalikuwa hivi. Sekela alimwendea mwenye pembea na kumwambia kwamba Jumamosi atamletea familia kumi na moja zenye nguvu, zitakazokaa mchana kutwa na kula kwake, mradi tu zisisumbuliwe na foleni. Mwenye pembea alikuwa mfanyabiashara, akafungua bati la nyuma. Mlango ambao Ipyana aliutunga kichwani, Sekela aliutengenezea bawaba.

Lakini Samsoni hakuyajua hayo. Aliona tu kwamba mlango upo. Mkono wake ukahama kutoka kwenye kola ya koti ukaenda kwenye bega, ukawa mkono wa rafiki. Akawaambia wote kwamba yeye tangu mwanzo alimwamini kijana huyu. Familia zikaingia, zikapita farasi wa mbao bila kusimama, zikaenda moja kwa moja mwisho wa uwanja, mahali ambapo hapakuwa na foleni yoyote, na Ipyana akaburutwa katikati yao kama bwana harusi.

Kwenye gurudumu, mke wa Samsoni alisita. Ndipo Samsoni akaamua kwamba mtaalamu apande kwanza, pamoja na mama mzazi wa Samsoni mwenyewe, kwa usalama wa bibi. Ipyana alijaribu kueleza kwamba watu wa ndani huwa hawapandi. Hawakumwelewa. Akafungwa mnyororo kiunoni, bibi akakaa kando yake na mkoba wake mapajani, na ardhi ikaanza kuondoka.

Huko juu gurudumu likasimama kupakia wengine. Ipyana alifumba macho, kisha akafanya kosa la kuyafumbua. Chini yake kulikuwa na turubai kubwa, na pembeni ya turubai masufuria manne yenye moshi, na Sekela anageuza wali kwa mwiko mrefu. Hata kutoka juu vile aliijua harufu. Mbele, ziwani, meli ilikuwa inapita taratibu ikielekea kusini, nyeupe, na nafasi tele.

"Unalia, mwanangu?" bibi akauliza.

"Ni upepo, bibi."

"Tazama mlima basi. Mimi nimeutazama kutokea chini miaka sabini." Akampapasa goti. "Ndaga fijo kwa kutuleta."

Ipyana alikuwa ameshukuriwa mara nyingi maishani, ila siku zote kabla watu hawajajua walichonunua.

Aliposhuka alikwenda moja kwa moja jikoni. Sekela alimwona akija na hakuacha kugeuza wali.

"Mchele wangu, mama," alisema Ipyana kwa sauti ya chini.

"Wako? Uliulima bonde gani?"

Ipyana akageukia masufuria.

"Wenyewe wamekaa meza ile pale," alisema Sekela. "Wanaununua kwa sahani na wanasema haujawahi kupikwa hivi. Ukitaka tuwaite tuulizane ni wa nani, nitaita mimi. Sauti ninayo."

Meza ile Samsoni na Lazaro walikuwa wamekaa bega kwa bega, wamechafua vidole kwa mafuta ya samaki wa mbasa, wakibishana kwa furaha nani alipiga kelele zaidi kule juu. Ipyana akawatazama. Akasema hakuna haja.

"Basi chukua aproni," alisema Sekela. "Zile siri nyingine zote ulizowauzia zilikuwa zangu, na sikukudai."

Aligawa sahani mpaka jioni, na siku iliyofuata, na iliyofuata, kwa kuwa baiskeli ya watu ilikuwa imepata pancha na hakuwa na njia nyingine ya kurudi. Siku ya kumi jenereta ikazimwa, gurudumu likavunjwa vipande na kupakiwa kwenye malori, na Sekela akapanda mbele kwenye lori la kwanza akiwa na sanduku la bati lililojaa vizuri. Mwenye pembea alikuwa amempa mkataba wa kupika viwanja vyote mpaka Mzuzu. Alimpungia Ipyana mkono kwa adabu, na kumwachia masufuria mawili yaliyotoboka.

Wiki iliyofuata, Ipyana akiwa amelala chumbani kwake Kyela, Tumaini, kiongozi wa kwaya ya mtaa wa jirani, alibisha hodi mlangoni. Nyuma yake walisimama wanakwaya arobaini waliobeba magunia ya mchele. Pembea sasa zilikuwa Karonga, akaeleza, na kwaya ilitaka kwenda, na Ngonga nzima ilikuwa inasema hakuna mtu mwingine wa kuwaongoza.

Ipyana alikaa kitandani. Alikuwa amechoka, na kwa mara ya kwanza tangu apate akili timamu alisema kitu bila kukipima kwanza.

"Dada Tumaini, mimi sijui lolote kuhusu pembea. Niliwadanganya watu. Yote nilisikia kwa mama lishe."

Tumaini alimtazama kwa makini, kisha akawageukia wenzake, uso umejaa furaha.

"Mnaona?" alisema. "Samsoni alituonya kwamba watu wa ndani hawakubali mara moja. Ongezeni gunia."