Huruma ya Mke Wangu Inaishia Wodini

Kwa Matroni Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUMPUNGUZIA MKE WANGU HURUMA AKIWA KAZINI

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kama unaumwa, basi walau uko mahali panapofaa kuumwa. Mimi ni fundi wa friji, na ni mume halali wa muuguzi wako wa wodi ya wanaume, yule mfupi anayetembea haraka, ambaye wagonjwa humwita Mama Pole. Jina hilo amelipata kwa sababu hawezi kukubandua hata plasta bila kukuomba radhi.

Siandiki kwa nia mbaya. Shemeji zangu wote wamenishauri nisiandike, ndiyo maana naandika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Huruma yote anaimalizia kwenu. Nilipopata homa, alinitazama akiwa mlangoni, mkoba bado begani, akasema, "Unaongea, unapumua. Kunywa maji." Akapita. Siku zile zile jirani yetu alilazwa wodini kwake kwa homa kama yangu. Amerudi anasimulia jinsi alivyopanguswa uso kwa kitambaa chenye maji na kupigiwa hadithi mpaka usingizi ukamchukua. Jirani huyo mpaka leo anapona polepole, na nina hakika anafanya makusudi.

2. Ametuletea taratibu za wodi nyumbani. Najua wauguzi hukabidhiana wagonjwa zamu zinapobadilika, na hilo ni jambo jema. Lakini mke wangu sasa hunikabidhi familia. Asubuhi husimama kwenye mlango wa jikoni na kusema kwa mkupuo mmoja, "Mkubwa amekula, amepata choo, analalamika tumbo kama kawaida kila kukiwa na mtihani wa hesabu. Mdogo hakulala vizuri, mwangalie. Baba hana jipya." Baba ni mimi. Matroni, ninayo mapya mengi, ila hayajawahi kupata nafasi kwenye ripoti. Mtoto mdogo naye amekuwa mjanja. Akitaka kubebwa, kwanza hulala chali sakafuni na kunyoosha mkono kama anasubiri dripu, maana ameshagundua watu wa aina gani hupewa pole na mama yake.

3. Wodi hiyo hiyo ina muuguzi mwingine ambaye wagonjwa wamembandika jina la Sindano. Nasikia akiingia, hata waliozimia hujikaza. Mtu akichelewa kuleta kidonda, humuuliza kama alikuwa anakifuga. Sasa mumewe ni seremala, na karakana yake imepakana na yangu. Yule bwana amenenepa. Anapiga randa huku anapiga mluzi. Mkewe anamaliza hasira zote huko kwenu, nyumbani anafika na vicheko na chai ya moto. Mimi niliyeoa muuguzi mpole kuliko wote hospitalini, ambaye kila mtu ananipongeza kwa ajili yake, naishi kwangu kama mgeni aliyepitiliza siku za kukaa. Naomba jambo hili litazamwe kwa jicho la haki.

4. Semina. Mwezi uliopita mliandaa semina ya kuwakinga watoa huduma na uchovu wa moyo. Wazo zuri kabisa. Mliiweka siku yake ya mapumziko, na kuhudhuria kulikuwa lazima. Mwezeshaji, kijana mwenye sauti laini, aliwaambia wote wafumbe macho, wavute pumzi ndefu na wajione wako kando ya mto. Wenzake walichungulia. Mke wangu ni mtiifu, alifumba kweli. Alipoamka ukumbi ulikuwa umeshafagiwa, viti vimepangwa, na mtu mmoja mwema alikuwa amemfunika kwa bango la semina lililoandikwa "Jali Nafsi Yako". Kisha akapewa barua ya onyo kwa kutoshiriki majadiliano ya vikundi. Nauliza kwa unyenyekevu: katika ukumbi ule mzima, ni nani mwingine aliyetekeleza mada?

5. Hapa naomba uniwie radhi, maana nilivunja utaratibu kidogo. Jipu liliniota mgongoni. Nyumbani mke wangu alilikagua kutoka upande wa pili wa meza, akasema halijaiva. Nikavumilia. Lilipoiva hakuwepo, ndipo nikaamua kuja hospitali kama raia mwingine yeyote. Nikapanga foleni, nikavaa kofia mpaka kwenye nyusi, nikajiandikisha kwa jina la utani la utotoni. Siku hiyo mlikuwa mmemhamishia chumba cha vidonda kuziba pengo. Nikaingia nikiwa nimeinama, nikalala kifudifudi.

Matroni, sijawahi kusikia sauti ile tangu tulipokuwa wachumba. "Pole sana, baba. Itauma kidogo, lakini niko hapa. Shika huu ukingo wa kitanda. Ukitaka kulia, lia tu, hakuna anayekuona." Nikalia. Lile jipu lilikuwa na mchango mdogo sana katika kilio kile. Akazidi kunibembeleza, akaniuliza nyumbani nina nani wa kunitunza. Nikamjibu kwa ukweli kwamba mke wangu ni mtu wa kazi nyingi. Akasema, "Mwambie nimesema upumzike." Alipokwisha kunifunga bandeji nikageuka kumshukuru, akaniona. Sauti ikabadilika hapo hapo. "Na wewe umefuata nini huku? Watoto umemwachia nani?"

Baadaye jioni ndipo wazo likanichoma. Mgongo ule ameishi nao tangu tuoane. Aliupangusa, akausafisha, akaufunga, na hakuutambua.

6. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu silipendi. Wiki iliyopita alirudi mchana, akakaa kwenye stuli ya jikoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alikaa vile mpaka chai niliyompelekea ikapoa. Wodini walikuwa wamempoteza mzee mmoja aliyemzoea sana. Mtoto wetu mdogo akaja na goti lililochubuka, akasimama mbele yake, akangoja. Mama Pole alilitazama lile goti kwa muda, kisha akaniambia taratibu, "Baba watoto, mpe wewe pole. Mimi leo sina."

Niliogopa, Matroni. Nilioa mwanamke aliyekuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Nampenda, tunalala chumba kimoja, na ninamkumbuka kana kwamba amesafiri.

Nakueleza kwa lugha ya kazi yangu. Friji la dukani likifunguliwa kila saa kwa ajili ya kila mwenye kiu, halipoi, hata liwe jipya namna gani. Mwenye duka hunipigia simu akilia kwamba gesi imeisha. Naenda, napima, gesi ipo. Tatizo ni mlango.

Kwa sababu hizo, naleta maombi yafuatayo:

(a) Mke wangu apewe mafunzo ya ukali kwa vitendo, chini ya usimamizi wa Sindano. Aanze na wagonjwa wanaokaribia kuruhusiwa, ambao tayari wana nguvu za kuhimili. Akifika kiwango cha kumwambia mtu "acha kudeka", apewe cheti, nami nitakitundika sebuleni.

(b) Kila zamu atengewe muda rasmi wa kununa. Stoo ya mashuka inafaa, mradi ifungwe kwa ndani.

(c) Kama (a) na (b) hayawezekani, basi mimi nisajiliwe kuwa mgonjwa wa kudumu wa wodi ya wanaume, kitanda kilicho karibu na meza yake. Watoto watakuja saa za kuona wagonjwa. Nitapewa pole asubuhi na jioni kama wenzangu, na kwenye kukabidhiana zamu nitatajwa kwa urefu. Ugonjwa nitautafuta mwenyewe, hospitali isihangaike.

Kwa kifupi, haiwezekani kila mwenye maumivu apelekwe kwa mtu mmoja kwa kuwa tu yeye hajui kukataa. Lazima awepo mtu wa kusimama mlangoni na kusema: basi, huyu kwa leo imemtosha, nendeni kwa wengine au rudini kesho. Mtu huyo, Matroni, anapaswa kuwa wewe. Sioni mwingine anayeweza kumlinda.

Nakuomba unisalimie wauguzi wote, wafagizi, mlinzi wa getini aliyejifanya hanijui siku ya jipu, na yule mwezeshaji wa mto. Sindano pia msalimie, ila kwa mbali. Watoto wanakusalimu, mdogo amelala chali hapa sakafuni ninapomalizia.

Ni mimi mwenye subira iliyobaki kidogo,

Mume wa Mama Pole.

Nyongeza: Aliyekuletea barua hii ni mteja wangu mzuri sana, ana mguu umevimba. Nimemwambia asijisumbue na foleni, aulizie mke wangu moja kwa moja, hata kama ndiyo kwanza amekaa kunywa chai. Wengine hapo maneno yao ni makali, na bwana huyu hajazoea kukaripiwa. Kesho atakuja mama mkwe wa dada yangu na presha yake, pamoja na wale vijana wawili wa duka la jirani niliowaahidi tangu juzi. Sikutaka kuwatuma wote leo, nisije nikamchosha. Akisema amechoka, aambiwe tu kwamba huyu ni mtu wangu.