Kupinga Kufufuliwa Bila Ridhaa Yangu

Mchungaji mpendwa, pamoja na Kamati ya Historia ya Kanisa,

Nawasalimu kwa unyenyekevu. Mimi ni mzima wa afya, na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Jumapili mlitangaza kwamba mnaandika historia ya kanisa letu, na kwamba jina langu litafutwa kwenye mnara wa waliokufa vitani kwa sababu eti nipo hai. Sikatai kwamba nipo hai. Nalalamikia haraka yenu.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Vita vilipokwisha, wafu wetu walikuwa tisa, na fundi mwashi alikuwa ameshapiga mistari ya safu mbili za watano watano. Wazee wakaona jiwe lenye pengo litatutia aibu. Mimi, mpishi wa jeshi, nilikuwa bado sijarudi. Lori letu liliharibika njiani. Wakanichonga. Nilifika siku ya uzinduzi, nikakuta watu wanalia, nikaona si adabu kuvuruga shughuli ya watu. Nikajiunga na kwaya upande wa besi, tukaniimbia vizuri sana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila mwaka mnasoma kwa sauti kwamba nilikuwa mpole, shujaa na mchapakazi. Nikiwa hai, nani atayasema hayo? Hata shemeji yangu, ambaye hanisalimii, hutoa leso nikitajwa.

2. Marehemu hapangiwi zamu ya kufagia kanisa. Wahenga walisema ukubwa ni jaa, umarehemu hawakuujaribu.

3. Wale tisa niliwapikia maharage yaliyoungua, wakala bila kununa. Nawapenda mpaka leo. Mnataka niwaache peke yao pale nje na mvua?

4. Mke wangu, kama mjane wa shujaa, hukalia benchi la mbele, lenye mto. Mkinifufua atarudishwa nyuma, mlangoni kwenye upepo, ubavuni mwa mwanamume anayekoroma wakati wa mahubiri. Kosa lake nini?

Kwa hiyo naomba jina libaki, na kitabu kiseme wazi kwamba nilikufa. Dhamiri ikiwasumbua, nizikeni Jumamosi kwa heshima zote. Nitawahi kuja kusaidia kupanga viti.

Nisalimieni wazee, wanakwaya, mama anayepamba maua, na wote wanaoniombea nipumzike.

Wenu niliyetangulia,
Marehemu wa tano, safu ya kulia

Tanbihi: Nimempa mke wangu barua hii aipitie. Kumbe ndiye aliyewaomba mnifute. Anasema kila ibada ya kumbukumbu wajane wenzake humshika mikono kumfariji, naye huona haya hata kuwatazama, maana wao wakifika nyumbani hawamkuti mtu. Tena amechoka kukaa peke yake kwenye benchi lile. Msimsumbue fundi, patasi ninayo. Nitakuja kujifuta mwenyewe, kisha nionyesheni benchi linalotosha watu wawili.