Kichwa cha Habari, Kichwa cha Habari

Jumatatu, 3 Machi
Nimedhalilishwa! Mkuu wa kliniki kaniita akasema tovuti ninayoisimamia haisomeki. Kliniki yetu ni ya macho. Wiki iliyopita watu kumi na mmoja walikuja Jumatano kupimwa miwani, na siku ya kupimwa ni Alhamisi. Nikamweleza kwamba siku imeandikwa, tena kwa rangi ya kijivu maridadi juu ya nyeupe. Akauliza mgonjwa wa macho ataionaje. Uchokozi mtupu.

Karani wa masjala, ambaye mimi humwita Kimbelembele, alisimama mlangoni anatabasamu. Anaitaka tovuti yangu. Anakitaka na chumba changu chenye dirisha, maana chumba huenda na tovuti. Ijumaa anakuja mkaguzi wa tovuti. Nikianguka, vyote viwili anapewa yeye.

Jumanne, 4 Machi
Kimbelembele kampelekea Mkuu ukurasa mzima wa ushauri. Eti kichwa kikubwa cha habari kiwe kimoja, vidogo vifuate chini yake. Eti kiungo kimwambie mtu kinampeleka wapi, siyo "bonyeza hapa". Eti kila picha iwe na maelezo ya maneno. Nani kamuuliza? Mkuu kaniamuru nitekeleze.

Nimetekeleza. Kama vichwa vikubwa vinapendwa, basi kila mstari sasa ni kichwa kikubwa, hata namba ya simu. "Bonyeza hapa" zilikuwa tisa. Zote nimezigeuza kuwa "bonyeza hapa tafadhali". Asiyeridhika na adabu ana lake jambo.

Alhamisi, 6 Machi
Maelezo ya picha. Nimegundua kwamba hayaonekani kabisa! Unayaandika, yanajificha nyuma ya picha, basi. Yaani nivunjike mgongo kwa kitu kisichoonwa na yeyote. Nikaona heri nijiliwaze. Kwenye picha ya karani nimeandika: mtu wa fitina, kaazima stepla yangu tangu mwaka jana. Ya Mkuu: kofia inaficha upara. Yangu: mtanashati, mchapakazi, hathaminiwi.

Mke wangu akauliza maelezo hayo husomwa na nani. Nikamwambia hakuna. Akauliza kwa nini basi yakabuniwa. Huyu naye kwa maswali ya kitoto! Nikampa mgongo nikalala.

Ijumaa, 7 Machi
Njama! Mkaguzi ni mwalimu mstaafu, mama asiyeona hata kidogo. Hakuna aliyenidokeza. Kaketi ukumbi wa kusubiria, katikati ya wagonjwa, kafungua kompyuta yake, nayo ikaanza kusoma ukurasa kwa sauti. Kichwa cha habari. Kichwa cha habari. Kichwa cha habari. Hadi namba ya simu. Kisha bonyeza hapa tafadhali, mara tisa. Bibi mmoja kwenye benchi akauliza inamtuma nani abonyeze wapi.

Halafu zikafika picha. Ikasoma zote, pole pole, kwa matamshi safi. Stepla. Upara. Ukumbi mzima ulicheka, hata waliotiwa dawa machoni. Mkuu aliishika kofia yake kwa mikono miwili. Mwalimu akauliza kwa upole kama yule mtanashati ndiye anayehema pembeni yake. Kisha akasema amesikiliza mpaka mwisho na bado hajui kupima miwani ni siku gani.

Nikamwambia iko pale, ya kijivu, ndani ya picha ya tangazo. Akasema picha ya tangazo imesomwa, na maelezo yake ni "tangazo". Sasa mimi ningeandika nini tena? Si ni tangazo?

Jumatatu, 10 Machi
Nimenyang'anywa tovuti na chumba. Nimewekwa kwenye meza ya ukutani, nyuma ya kabati la mafaili. Kimbelembele kaanza na herufi nyeusi, na siku ya kupimwa kaiweka juu kabisa. Shangazi yangu mwenyewe, damu yangu, kanipigia kusema ameisoma bila kumwita mjukuu wake, nimpe karani salamu. Nimeudhika sana.

Alasiri Mkuu kanipa kazi aliyoiita ya mwisho: kurekodi sauti itakayowajibu wagonjwa wanaopiga simu. Siku na saa za kliniki tu, kasema. Hatimaye wamenitambua!

Nimesharekodi. Dakika tisa. Siku na saa nimeziweka kwenye dakika ya nane, ili wasinikatie kabla sijamaliza kueleza nilivyoonewa.