Pipa la Prunelard na Siku ya Mtakatifu Martin

Jumatatu, 4 Novemba

Imebaki wiki moja kufika siku ya Mtakatifu Martin. Siku hiyo mikataba ya mashamba huisha au huanza upya, na wangu unaisha. Safu saba za mizabibu nyuma ya makaburi. Zabibu ni Prunelard: nyeusi, adimu, aina ambayo babu zetu waliing'oa na wajukuu sasa wanaitafuta kwa tochi. Niliipanda mwenyewe. Mgongo wangu ni shahidi.

Ardhi ni ya Bibi Vidalenc. Ametangaza mlangoni pa kanisa, watu wakisikia, kwamba atakuja kuonja. Divai ikiwa kama ya marehemu baba yake, nabaki miaka tisa mingine. La sivyo, shamba anapewa jirani yangu Escaffre apande vitunguu saumu. Vitunguu saumu! Kwenye udongo wa Prunelard!

Leo nimefungua pipa. Mshtuko. Mrija wa kuonjea ulizama nusu nzima kabla ya kugusa divai. Nimechunguza sababu. Ya kwanza: divai hupotea hewani kupitia mbao. Ya pili: mimi. Kila Jumapili nimekuwa nikionja, kwa ajili ya ufuatiliaji. Pipa lisilojaa hugeuka siki. Lazima lijaziwe, tena kwa divai ileile. Ileile sina. Nimejazia ya boksi, ya bei rahisi ya chama cha ushirika, ile anayopikia mke wangu Huguette. Nimekoroga kwa mpini wa ufagio. Mpini mpya. Hakuna aliyeona.

Jumanne, 5 Novemba

Huguette ameona. Ni mke wangu, huona kila kitu. Ameuliza boksi lake limekwenda wapi na bata bukini wa sikukuu atapikwa na divai gani. Nimemjibu kwamba kuna mambo makubwa kuliko bata. Hakukubali.

Nimeonja. Si mbaya.

Nimeonja tena. Mbaya. Inanukia jikoni.

Jumatano, 6 Novemba

Wazo! Nimevuka mto hadi kwa Bwana Alibert, ambaye Prunelard yake ni safi, haijaguswa na kitu. Nimenunua chupa. Kabla ya kuniachia amenihutubia kuhusu usafi: usafi wa zabibu, wa pipa, wa moyo wa mkulima. Nilitikisa kichwa kila alipopumua.

Mpango: namimina divai yake kwenye chupa isiyo na lebo. Bibi Vidalenc anaonja chupa, hagusi pipa. Anasema ndiyo. Rahisi kabisa. Nashangaa watu hupotezaje mashamba.

Alhamisi, 7 Novemba

Escaffre amekuja kuazima ngazi. Uongo mtupu, ngazi anazo mbili. Amekuja kupeleleza. Alinusa mlangoni kama mbwa wa polisi, akasema, “Jirani, punje zangu za saumu nimeshazitenganisha. Zinangoja jembe tu.” Halafu akaniambia nisihuzunike, divai yangu bado itafaa kung'arishia masufuria.

Nilimpa jibu kali sana. Alikuwa ameshafika kwake.

Nimeongeza tahadhari. Kabla ya kuonja, Bibi Vidalenc atapewa supu nzito kiasi kwamba ulimi wake hautatofautisha divai na maji ya mvua. Huguette anasema supu ya namna hiyo ni moja tu, ya saumu. Nimemwambia aijaze saumu tele.

Jumamosi, 9 Novemba

Mazoezi. Nimemfunga Huguette macho kwa kitambaa cha vyombo. Glasi ya kwanza, ya Alibert, kidogo tu. Ya pili, ya pipa letu. Ya tatu, ya boksi jipya. Ameichagua ya boksi. Nimemwambia hana ulimi. Amesema alikuwa nao siku aliponikubali, na tazama ulivyomsaidia.

Jumatatu, 11 Novemba. Mtakatifu Martin

Naandika kwa furaha. Kwa utaratibu:

Asubuhi, kwa kuwa leo pia ni kumbukumbu ya mwisho wa vita kuu, shada la maua kwenye mnara wa waliokufa vitani. Meya alisoma majina, tulisimama kwenye baridi, kisha kila mtu akaenda kwenye divai yake. Bibi Vidalenc alikuja kwetu kwa fimbo yake. Nyuma yake, akimbebea mkoba, Escaffre! Hakualikwa. Alisema anamsindikiza mama wa watu.

Supu. Bibi alimaliza bakuli, akaomba la pili. Akasifu saumu, akauliza imetoka wapi. Nikamtazama Huguette. Huguette akatazama dari. Escaffre akainama kama mwanamuziki jukwaani. Mke wangu alinunua kwake!

Tukashuka stoo. Nikamimina ya chupa. Bibi akaizungusha, akainusa, akanywa. Akasema, “Divai nzuri sana hii, Firmin. Safi. Lakini si ya baba.” Escaffre akakohoa kwa raha. Mimi nikaona safu zangu saba zikilala chini, moja baada ya nyingine.

Kisha bibi akaniuliza tangu lini divai ya pipa ikaonjwa kwenye chupa. Nilisema pipa limelala. Akasema, “Basi liamshe.” Nilisema mrija umepotea. Alikuwa ameshaushika. Amekulia stoo huyu mama. Alizamisha, akaziba kwa kidole gumba, akajaza glasi bila kudondosha tone. Nilifikiria kuzimia, lakini sakafu ilikuwa na maji.

Akanywa. Akafumba macho. Akakaa juu ya kreti. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani nimemuua mwenye shamba.

Alikuwa anacheka! “Ni yeye! Ni baba huyu!” Akatueleza huku akijifuta machozi. Baba yake hakuweza kulipita pipa bila kunywa, na likipungua alijazia chochote kilichokuwapo: divai ya dukani, ya jirani, mara moja ya misa, padri akatafuta mwezi mzima. Mama yake alipiga kelele miaka yote. Tangu mazishi, alisema, hajaipata ladha hii popote, na wote waliompa Prunelard safi aliwaona waongo.

Escaffre akaomba kuonja. Akatema. Akasema hii ni ya boksi, hata mtoto anajua. Bibi akamwambia, “Ndiyo, mwanangu. Nawe sogea kidogo, unanuka saumu.”

Miaka tisa! Tumepeana mikono juu ya pipa. Wakati wa bata bukini nikala sahani tatu. Escaffre alirudi kwake, mkoba wa bibi nikaubeba mimi. Nimepita kwenye mizabibu peke yangu, nikaishika mmoja mmoja. Imepukutisha majani, mibaya, imepinda. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo.

Jumatano, 13 Novemba

Nimetafakari kwa utulivu. Hitimisho: nina kipaji.

Bibi Vidalenc amenisihi tuinywe sisi kwa sisi, nisithubutu kuiuza kwa jina la Prunelard. Mtu wa umri wake huogopa makubwa. Leo nimeiandikisha kwenye mashindano ya divai ya Paris, kundi la Prunelard tupu isiyochanganywa. Nimeshatenga ukuta wa medali.

Huguette ameuliza kama majaji wote nao walikuwa na baba mwenye pipa. Swali la mtu asiyejua biashara.