Mama Mkwe Asionekane Kichwa Chini

Jumanne, tarehe 4 Machi

Jioni tulikuwa kwa mama mkwe. Shemeji yangu aliye ng'ambo kajifungua mtoto wa kike, na Jumapili atatuonyesha kwa video. Mama hataki simu. Macho yake na kioo kidogo hayapatani. Atatumia kompyuta mpakato aliyoachiwa na marehemu baba mkwe, ambayo ukiiwasha, chai inapoa kabla haijaamka.

Mwanyumba wangu, mume wa dada mwingine wa mke wangu, alisema ni kuukuu lakini inafanya kazi, basi iachwe ilivyo. Yeye ni fundi kompyuta. Wote wakaitikia kwa vichwa. Mimi ni karani wa ghala la rangi, hakuna anayeniitikia kwa kichwa. Nikajisikia nasema kwamba nitaifufua. Nitang'oa mfumo wa zamani niweke Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ulio wa bure, na kila mtu anauremba apendavyo. Nimesoma habari zake tangu juzi.

Mama akasema, mwanangu, usije ukaniharibia. Nikacheka kicheko cha mtu anayejua. Nimerudi nayo kwapani. 

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeufuta mfumo wa zamani kabla ya kwenda kazini. Kulikuwa na chaguo la kujaribu kwanza bila kufuta. Nikaona hilo ni la waoga.

Linux imeingia bila kinyongo. Kompyuta inawaka upesi mno. Nikaipiga picha, nikamtumia mwanyumba. Akauliza kama inashika mtandao.

Haishiki. Haioni Wi-Fi kabisa. Nimesoma kwamba inataka programu ndogo ya kuiamsha kadi ya mtandao. Programu yenyewe inapatikana mtandaoni. Yaani mlango umefungwa na ufunguo uko ndani.

Mke wangu kauliza kazi inakwendaje. Nimemwambia vizuri. Kaniangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimeunganisha simu na kompyuta kwa waya, ikanywa mtandao wa simu, programu ikaingia. Wi-Fi imeshika. Mwenye akili zake angeishia hapo.

Lakini kioo kilikuwa na rangi ya kijivu. Mtu wa ghala la rangi, kijivu! Nikabadilisha picha ya nyuma, mwandiko, hata madirisha ya programu sasa yanajifunga huku yanayumba. Nikaweka nywila ngumu. Mwisho nikachagua mpangilio mwingine wa kibodi kwa sababu jina lake lilinivutia. Nikazima, nikawasha.

Nywila imekataliwa. Nikabonyeza A ikawa Q. Kila herufi imehamia kwa jirani.

Kazini nimeandika oda ya rangi ya bluu badala ya nyeupe. Bosi kauliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Nikasema ndiyo, na hali yake si nzuri.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimepapasa herufi moja moja mpaka nikaingia, nikairudisha kibodi ya kwanza. Nikajaribu kamera. Nikajiona kichwa chini, nimening'inia kama popo.

Kumbe kamera ya mashine hii ilifungwa juu chini tangu kiwandani. Mfumo wa zamani ulijua siri hiyo, ukawa unaigeuza picha kimyakimya. Nami nimeufukuza na siri zake. Nikaomba msaada kwenye jukwaa la mtandaoni. Mtu mmoja kaniuliza kwa upole nilibadilisha nini. Nikajibu sikubadilisha kitu. Akaomba maelezo zaidi. Nikaona ananidharau, nikaingiza kwenye kompyuta amri ya mtu mwingine aliyeapa kwamba inatibu kila kitu.

Kamera haikugeuka. Kilichogeuka ni kioo kizima. Mke wangu kaingia akanikuta nimeinamisha kichwa katikati ya magoti, nasoma. Akatoka, akafunga mlango taratibu. Afadhali angegomba.

Mwanyumba kapiga simu, kauliza kama nahitaji msaada. Nikasema niko kwenye kumalizia.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimewaza kuugua. Nimewaza kuibiwa. Nimewaza kuidondosha kwa bahati mbaya, nikaiinua juu ya sakafu, vidole vikakataa kuachia.

Mke wangu kaja akasimama mlangoni.

"Kesho mama atamwona mjukuu wake, au hamwoni?"

"Atamwona."

"Na mtoto atamwona bibi yake akiwa amekaa?"

Nikasema aniache nifanye kazi. Nikaishika kompyuta vibaya, ikapinduka. Maandishi yakasimama wima. Nikafungua kamera. Nami nimesimama wima. Kosa la kioo na kosa la kamera yamefutana. Nimekaa chini nikapumua. Mtu ashike tu kompyuta juu chini.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimesimama nyuma ya meza ya mama mkwe, kioo chini, kibodi hewani, nimeishikilia kompyuta kwa mikono miwili. Nikaeleza kwamba ndivyo siku hizi. Mwanyumba alinitazama, akatazama kompyuta, akavuta kiti.

Shemeji akatokea. Mtoto akatokea, akapiga mwayo. Mama akasogeza uso karibu na kioo. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba paji lile ni la marehemu mumewe, halijakosea hata kidogo. Akaanza kumwimbia.

Mabega yangu yakawaka moto. Picha ikaanza kutikisika. Shemeji akauliza, huko kuna tetemeko? Mama akajibu, hapana mwanangu, ni mkwe wangu, ana wasiwasi.

Mwanyumba akaja, akashika upande wa pili. Tukasimama hivyo, mabega yamegusana, mpaka mtoto akalala.

Baadaye mwanyumba kaipeleka kompyuta chumba cha pembeni, akaandika mistari michache, kioo na kamera vyote vikarudi sawa. Hakumwambia mama lolote. Mama ametubariki wote wawili. Nilitaka kulia. Kisha nikakumbuka kwamba mwanyumba asingepata cha kurekebisha kama mimi nisingeanza.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Habari njema husambaa. Jana daktari wa meno wa mtaa wetu kanung'unika kwamba kompyuta yake ni nzito kuwaka. Nikamwambia amefika penyewe.

Asubuhi hii nimeufuta mfumo wake wa zamani. Picha ya jino la mgonjwa wa kwanza ilikuwa humo ndani. Daktari anauliza ni jino lipi la kung'oa. Nimemwambia avute subira, natafuta programu. Mgonjwa yuko kitini, ameshachomwa sindano ya ganzi, ananitazama tu.

Hana malalamiko. Hata angekuwa nayo, mdomo wenye ganzi usingeyatamka.